Mtoto Wangu na Mtoto wa Jirani

Ukisimama alfajiri kando ya barabara itokayo Rongo kwenda Homa Bay, au katika njia za vumbi ziingiazo mjini Migori kutoka mashambani, utaona jambo ambalo pengine umeliona mara nyingi hata halikushangazi tena. Utaona watoto. Wengine waenda kwa miguu, viatu mkononi, ili visichafuke kabla ya kufika shuleni. Wengine wamepakiwa juu ya boda boda: mmoja amekaa mbele, juu ya tangi la mafuta, wawili au watatu wako nyuma, wameshikana viunoni, na yule wa mwisho amebakiwa na nafasi isiyozidi upana wa kiganja. Mmoja mmoja hupita ndani ya gari la mzazi wake, vioo vimefungwa. Wote waenda shuleni, saa ile ile, kutafuta elimu ile ile. Walakini hawaendi kwa hali moja. Katika insha hii nataka tufikiri pamoja, msomaji, juu ya tofauti hiyo, na juu ya swali lililojificha ndani yake: mtu aliyejaliwa kupata chombo cha kuwachukulia watoto wake ana wajibu gani kwa watoto wa wengine anaowapita njiani?

Ili maneno yetu yasielee hewani, na tuchukue mfano. Tuseme mume na mke, wakulima wadogo wakaao nje ya mji wa Migori, wana watoto watatu. Shule i mbali kwa miguu ya mtoto wa miaka sita. Gari hawaliwezi. Kwa muda mrefu wamekuwa wakimlipa mwendeshaji wa boda boda, na kila asubuhi mama husimama mlangoni akisikiliza mlio wa pikipiki mpaka upotee nyuma ya mashamba ya miwa, wala moyo wake hautulii mpaka jioni. Sasa wameweka akiba, nao wanashauriana kupata baiskeli ya magurudumu matatu: mawili mbele, moja nyuma, na baina ya yale mawili ya mbele kasha imara lenye benchi na mikanda, wawezamo kuketi watoto wanne wadogo. Baba atapanda nyuma na kukanyaga; watoto watakuwa mbele ya macho yake.

Chombo cha namna hii si ndoto. Katika nchi ya Uholanzi, mwanzoni mwa karne ya 20, waokaji na wauza maziwa walipeleka bidhaa zao mlango hata mlango kwa baiskeli zenye makasha. Mwaka 1984, katika mtaa wa Christiania mjini Copenhagen, nchini Denmark, fundi mmoja aitwaye Lars Engstrøm alimtengenezea mwenzake, Annie Lerche, baiskeli ya magurudumu matatu iwe zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Watu walipoiona waliitamani, na zawadi ya mtu mmoja ikawa biashara. Chombo kilichoanza kwa kubeba mizigo kikawa chombo cha kubebea watoto. Nasi pia hatuko mbali na jambo hili. Tuktuk zatembea katika miji yetu, na pikipiki za magurudumu matatu zachukua saruji, maji na magunia ya mahindi. Mafundi wetu wa jua kali, ambao huunganisha chuma kwa chuma kutwa nzima, hawashindwi kutengeneza kasha la watoto. Hata nguvu ya jua imekwisha kuingia katika kazi kama hizi: kando ya ziwa, huko Homa Bay na Migori, kampuni ya WeTu iliweka vituo vya kuchajia taa za wavuvi wa dagaa, ikajaribu na vyombo vya umeme. Basi swali letu si kama chombo chaweza kupatikana. Swali letu ni la haki na wajibu.

Wajibu wa kwanza ni kwa mtoto mwenyewe, nao ni wa usalama. Mtu mzima apandapo chombo kibovu, amejichagulia. Ameona gurudumu lililochakaa, amesikia harufu ya pombe kinywani mwa mwendeshaji, akasema liwalo na liwe. Mtoto hachagui. Hunyanyuliwa kwa makwapa, akawekwa, akaambiwa ashike. Imani yake kwa mkono uliomnyanyua ni kamili, na kwa kuwa ni kamili, deni letu kwake ni kamili vile vile. Ndiyo maana Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inaagiza kwamba maslahi bora ya mtoto yawe ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Na ndiyo maana Sheria ya Trafiki hairuhusu pikipiki ya magurudumu mawili kuchukua zaidi ya abiria mmoja pamoja na mwendeshaji wake. Sheria hiyo haikutungwa kwa chuki juu ya maskini. Ilitungwa kwa sababu mwili wa mtoto ni mwepesi na lami ni ngumu.

Tusimhukumu mwendeshaji wa boda boda pasipo kumsikiliza. Kazi yake ina heshima. Jina lake lilizaliwa mpakani Busia katika miaka ya 1960, vijana walipowachukua wasafiri kwa baiskeli kutoka kituo cha Kenya kwenda kile cha Uganda. Na tangu siku hizo wagonjwa wangapi wamefika hospitali, na akina mama wangapi wamefika kwa wakunga, juu ya viti vyake! Akibeba watoto wanne, mara nyingi ni kwa sababu wazazi wanne hawawezi kulipa nauli ya mtu mmoja mmoja. Umaskini umewaketisha pamoja, wala si yeye peke yake. Lakini jambo lisipokuwa kosa la mtu mmoja haliwi jema kwa sababu hiyo. Huwa kosa la wengi, na kosa la wengi ni gumu zaidi kulitubia, maana kila mtu humwonyesha mwenziwe kidole.

Je, magurudumu matatu ni dawa? Kwa sehemu ndiyo. Mama zetu walijua zamani kwamba mafiga ni matatu, na chungu kilichokaa juu ya mafiga matatu hakiyumbi hata kama ardhi si sawa. Chombo chenye magurudumu matatu husimama chenyewe. Mtoto akijinyoosha au akilala usingizi, hakianguki. Walakini kila chombo kina tabia yake, na asiyeijua tabia ya chombo asimpakie mtoto ndani yake. Baiskeli ya magurudumu mawili hulala upande inapokata kona; ya magurudumu matatu hailali, na ikiingia konani kwa kasi hutaka kupinduka. Ni nzito: ikiwa tupu hupita kilo 30, na ikijaa watoto, mteremko huisukuma na mlima huivuta. Ni pana: katika barabara kuu ya Migori, lori la miwa la kwenda Awendo likipita kwa kishindo, haina pa kujibana. Na mvua ikinyesha juu ya udongo mweusi wa bonde la Lambwe au wa Nyatike, ule ushikao mguu kama gundi, magurudumu matatu huzama mara tatu. Kwa hiyo mzazi mwenye busara huchagua njia ya pembeni ijapokuwa ni ndefu, huenda polepole konani, huchunguza breki kabla ya mteremko, na siku ya matope hushuka akasukuma. Kununua chombo hakumalizi kazi ya kulinda, huianzisha.

Mzee mmoja wa kijiji aweza kutuuliza: "Yote haya ya nini? Mimi nilikwenda shule kwa miguu, na miguu haikuniua." Neno lake lina ukweli, nasi tuliheshimu. Mtoto atembeaye hupata nguvu. Hujua miti na ndege wa njia yake. Hujifunza kungoja wenziwe. Kabla ya vyombo vyote mtoto alikuwa na chombo kimoja kipitacho vyote kwa wema, nacho ni mgongo wa mamaye. Hapana kiwanda kilichotengeneza kasha lenye joto kama lile. Lakini mzee akumbuke kwamba njia aliyoipita haikuwa na malori, wala shule haikuanza kabla ya mapambazuko kutulia. Na akumbuke wale waliokuwa wadhaifu, wenye miguu mibovu au kifua kibaya, ambao hawakufika shule kamwe, na kwa hiyo leo hawapo kutoa ushahidi wao. Waliofika ndio wasimuliao safari. Yatupasa kuwafikiria na wasiofika.

Sasa tumefika kwenye kiini cha jambo. Baba na mama wa mfano wetu wamekipata chombo. Watoto wao ni watatu. Benchi lina nafasi nne. Asubuhi ya kwanza wanatoka, watoto wakicheka, majirani wakitazama. Baada ya mwendo mfupi wanampata mtoto wa jirani, ana miaka saba, anatembea peke yake. Anasimama kando kuwapisha. Hasemi neno. Anatazama ile nafasi ya nne.

Baba afanye nini?

Wako watakaosema kwamba hadaiwi kitu. Chombo ni jasho lake. Alijinyima sukari na nguo mpya. Jirani hakujinyima pamoja naye. Kila mtu na abebe mzigo wake. Tena, akimchukua mtoto huyo na chombo kikapinduka, ni nani atakayejibu? Leo ataitwa mwema, kesho ataitwa mwuaji. Na akimchukua leo, kesho watakuja wawili, keshokutwa watano, na hisani itageuka kuwa deni. Haya si maneno ya mtu mbaya. Ni maneno ya mtu mwangalifu, na uangalifu ni fadhila.

Lakini na tuyapime. Ni kweli chombo ni jasho lake. Lakini njia anayopita si jasho lake. Ilifyekwa na wengi, na kodi ya wengi huitengeneza. Ni kweli jirani hakujinyima sukari kwa ajili ya chombo. Lakini siku baba huyu alipougua, ni nani aliyelala katika zamu hospitalini? Msiba ulipoingia, ni nani aliyeleta kuni na maji? Hakuna mtu aliyelelewa na wazazi wake peke yao. Wahenga walisema, "Mkono mmoja haulei mwana," na hawakusema hivyo kwa kupamba mazungumzo. Waliona kwa macho kwamba mtoto aliyelelewa kwa mkono mmoja huanguka siku mkono huo unapochoka.

Karibu na Kendu Bay, katika nchi ya Homa Bay, kuna ziwa dogo la duara liitwalo Simbi Nyaima. Maji yake ni ya magadi, na ndege heroe hulizuru. Watu wa huko husimulia kwamba zamani palikuwa na kijiji mahali hapo. Usiku mmoja, watu wakiwa katika karamu, alikuja bibi kizee amechoka, akaomba kupokewa. Walimfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemtendea wema, naye aliambiwa aondoke upesi. Mvua ikashuka, ardhi ikafunguka, na kijiji chote kikazama. Wanajiografia watakuambia kwamba shimo lile ni kazi ya moto wa chini ya ardhi, na hapana sababu ya kubishana nao. Lakini wazee walioisimulia hadithi hiyo hawakuwa wakifundisha jiografia. Walikuwa wakisema kwamba kijiji kisicho na nafasi kwa mwenye kuchoka kimekwisha kuzama, hata kama mapaa yake bado yaonekana.

Basi hadithi hiyo yatuamuru kumpakia kila tumkutaye? La! Hapa ndipo wengi hupotea, na ningependa, msomaji, usipotee pamoja nao. Fikiri: kama baba yule, kwa huruma, atampakia mtoto wa nne, kisha wa tano, kisha wa sita kati ya miguu ya wenziwe, amefanya nini? Amerudi pale pale alipokuwa mwendeshaji wa boda boda, isipokuwa sasa amejivika vazi la wema. Mikanda ni minne. Mtoto wa tano hakuchukuliwa. Amehatarishwa, na kwa ajili yake wote wamehatarishwa. Huruma isiyo na kipimo huua sawasawa na ukatili usio na kipimo, tofauti yake ni kwamba baada ya msiba hulia kwa sauti zaidi.

Kwa maoni yangu haki imesimama katikati, juu ya mafiga matatu. La kwanza: nafasi iliyo tupu si yangu peke yangu. Kiti ambacho mwanangu hakikalii, na ambacho hakinigharimu ila jasho kidogo la miguu, ni deni langu kwa mtoto anayekihitaji. La pili: nafasi isiyokuwapo siwezi kumpa mtu. Kusema "hapana" kwa mtoto wa tano si uchoyo. Ni sehemu ya ahadi niliyowapa wanne. La tatu: atakayepewa nafasi ya nne achaguliwe kwa udhaifu wake, si kwa ukoo wake, wala kwa urafiki wa wazazi wake, wala kwa shukrani inayotazamiwa. Mdogo kabla ya mkubwa. Mgonjwa kabla ya mzima. Mwenye mguu mbovu kabla ya mwenye mbio.

Na ile hofu ya lawama? Dawa yake si kupita umeangalia pembeni. Dawa yake ni kwenda kwa jirani jioni, kuketi, na kusema wazi: "Nina nafasi moja. Chombo changu ni hiki, njia nipitayo ni hii, hatari zake ni hizi. Je, waniruhusu kumchukua mtoto?" Jirani aliyeulizwa hushirikiana hata katika hatari, jirani aliyeshtukizwa hulaumu hata katika usalama. Huenda mazungumzo hayo yakazaa jambo kubwa zaidi. Huenda jirani akasema, "Mimi sina fedha, lakini nina miguu, siku tatu kwa juma nitakanyaga mimi." Huenda nyumba tatu, zilizozoea kuweka fedha katika chama kwa ajili ya sufuria na mabati, zikaweka kwa ajili ya chombo cha pili. Najua kuwa mali ya shirika ina ugomvi wake: huyu atasema breki imeharibiwa na yule, na yule atasema zamu yake imerukwa. Lakini ugomvi wa watu wanaolea watoto pamoja ni bora kuliko amani ya watu wasiojuana majina ya watoto wao.

Sasa neno langu la mwisho ni kwako wewe usomaye ukurasa huu, ambaye huna mtoto wala chombo. Usidhani kwamba tumewazungumza wazee tu. Siku moja baiskeli ya magurudumu matatu, au tuktuk, au gari la mjomba litasimama mbele yako, na litakuwa na nafasi moja. Wewe una miaka kumi na mitano; miguu yako ni mirefu na kifua chako ni kizima. Nyuma yako atakuwapo mtoto wa darasa la kwanza, mkoba wake umemshinda ukubwa. Jamaa yako atakuita wewe kwa jina, kwa sababu wewe ni damu yake. Hapatakuwa na mwalimu wa kukuona, wala hakuna atakayekulaumu ukipanda, maana nafasi umepewa wewe.

Ukimwinua mtoto yule ukamweka, ukamfunga mkanda, kisha ukaufuata mwendo wako kwa miguu, utachelewa kidogo na viatu vyako vitajaa vumbi. Lakini jamaa yako atakuwa ameona jambo ambalo pengine hakulifikiri aliponunua chombo, na kesho atampungia mkono mtoto yule kabla hujasema neno. Hivyo ndivyo njia za nchi hubadilika. Hazibadiliki kwa lami peke yake, ijapokuwa lami ni njema. Hubadilika kwa watu waendao juu yake wakijua ni nani aliye nyuma yao.

Yule mama wa Migori tuliyeanza naye angali mlangoni asubuhi, akiwatazama wanawe wakiondoka. Hasikilizi tena mlio wa pikipiki. Badala yake anahesabu vichwa katika kasha: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Cha nne hakukizaa yeye. Lakini anakihesabu, na mpaka vyote vinne virudi jioni, hafungi mlango.